Moshi Haupulizwi

Nililetewa bilauri iliyofunikwa kwa kengele ya kioo, na ndani ya kengele mlikuwa na moshi mzito kama wa jiko la mama lishe siku ya mvua. Ilikuwa katika hoteli moja ya Dar es Salaam, ambayo jina lake halina faida hapa. Nilikuwa nimeagiza Negroni ya meskali, kwa sababu orodha yao ya vinywaji iliitaja waziwazi, na bei yake ilikaribia mara mbili ya Negroni ya kawaida. Kijana akainua kengele kwa madaha, moshi ukatawanyika, watu wa meza ya pili wakapiga picha. Nikaonja. Ilikuwa jini. Jini, Campari na vermuti, iliyopulizwa moshi wa vipande vya mbao kwa kifaa mfano wa bunduki ya kuchezea watoto. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu zote: "Mzee, meskali imetuishia, lakini ladha ni ile ile. Ni moshi tu."

Ni moshi tu! Bei sikuigombania, ingawa niliilipa yote. Yaliyoniuma ni hayo maneno matatu, na tangu siku ile nimeyasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma na kusafiri. Basi leo nitagombana nayo.

Meskali hutengenezwa kwa mkonge. Sisemi mkonge huu wetu wa Tanga hasa, bali ndugu zake wa ukoo mmoja. Mkonge wetu wenyewe asili yake ni huko huko Mexico. Jina lake la kibiashara, sisal, ni jina la bandari ya Yucatan ulikosafirishwa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba ni miche 62 tu iliyosalimika njiani. Sisi tukachukua jani, tukalikwangua, tukapata kamba na magunia. Watu wa Oaxaca wao hulikata jani na kuliacha shambani. Wanachokitaka ni kile kitovu kilichobaki, kinachofanana na nanasi kubwa la kutisha, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikijiwekea sukari kwa ajili ya kutoa ua moja tu kabla ya kufa. Aina inayolimwa zaidi, espadín, huhitaji kama miaka 6 hadi 8 kukomaa. Zipo za porini zinazopita miaka 12. Mkulima humwahi mkonge kabla haujachanua, maana ukichanua sukari yote imekwenda kwenye ua.

Hapo ndipo moshi unapoingia. Huchimbwa shimo, huwashwa kuni, juu yake hupangwa mawe mpaka yawive kwa moto. Vitovu hupangwa juu ya mawe hayo, hufunikwa kwa makapi ya mkonge, mikeka na udongo, kisha huachwa humo siku 3 hadi 5. Mtu aliyewahi kula mihogo iliyofukiwa kwenye majivu atanielewa mara moja: ule utamu wa kuungua hukaa ndani ya nyama ya muhogo, kwenye ganda huupati. Baada ya hapo vitovu hupondwa, mara nyingi kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi au nyumbu, huchachuka kwenye mapipa ya mbao kwa hamira iliyomo hewani, ndipo hupikwa na kukenekwa mara mbili, kwa shaba au kwa vyungu vya udongo. Jamaa zao wanaotengeneza tequila kwa kawaida huivisha mikonge yao kwa mvuke, ndiyo maana tequila hainuki moshi. Basi huyo kijana anayeniambia ni moshi tu ni sawa na anayemwaga maji ya moto juu ya majani ya mchaichai na kukwambia umeshakunywa chai ya Mufindi.

Neno lenyewe, moshi, lina historia kwetu ambayo haichekeshi. Gongo, ambayo wengine huiita piwa, serikali iliitungia sheria mwaka 1966, na sheria hiyo ina neno Moshi katika jina lake, kwa maana ya pombe ya kukeneka. Nisieleweke vibaya. Gongo imepofusha watu na imeua watu, na sitamshauri mtoto wa mtu kuionja. Lakini natafakari jambo moja. Wanakijiji wa Oaxaca nao walikuwa wakikeneka porini, wakidharauliwa na watu wa mjini kwamba kinywaji chao ni cha masikini na walevi. Mwaka 1994 Mexico ikalilinda jina meskali kisheria, kwamba litatumika kwa kinywaji cha maeneo yaliyotajwa tu. Na katika kanuni zilizofuata za 2016 wakatenganisha daraja: meskali ya kawaida, ile ya kisanii, na ile ya jadi inayokenekwa kwa vyungu. Haikuwa neema kwa kila mmoja. Wako wazee ambao vijiji vyao viliachwa nje ya mpaka, na leo hawaruhusiwi kuliita jina walilorithi kwa babu zao. Hata hivyo mpishi wa pombe akapata jina kwenye chupa. Mara nyingi hutajwa yeye mwenyewe, kijiji chake na aina ya mkonge. Bunduki ya moshi inafuta yote hayo kwa pumzi moja.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nao wana makosa. Wapo waungwana wanaoona kwamba Negroni ni jini au si kitu, na kwamba kutia meskali ni kuwatukana Waitaliano. Jamani! Negroni yenyewe ilizaliwa kwa kubadilisha. Inasimuliwa kwamba huko Florence, karibu mwaka 1919, mtu mmoja aliyeitwa Camillo Negroni alimwomba mhudumu wake aondoe maji ya soda kwenye kinywaji kiitwacho Americano na kutia jini badala yake. Jini si ya Italia. Kama mgeni mmoja aliruhusiwa kukaa mezani, mwingine anazuiwa kwa hoja gani?

Tena kuna jambo ambalo waungwana hawa hawalitaji kamwe. Campari, iliyoanza mwaka 1860 mjini Novara, ilipata ule wekundu wake kwa wadudu wadogo wanaokaa juu ya mpungate, wakakaushwa na kusagwa. Asili ya rangi hiyo ni Mexico, na kwa karne nyingi za utawala wa Wahispania, Oaxaca ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara yake. Sisemi kwamba kila chupa ya Milano ilitiwa rangi ya Oaxaca. Wadudu hao walikuja kufugwa hata visiwa vya Canary. Na mwaka 2006 kampuni ilianza kutumia rangi nyingine katika masoko mengi. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja Waitaliano walikuwa wakinywa wekundu wa Mexico bila kuona kwamba wametukanwa. Meskali ikiingia kwenye bilauri hiyo inamkuta jamaa yake alishatangulia.

Kundi la tatu ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linafanya dhambi kwa fedha. Hawa hununua meskali ya mkonge wa porini, tobalá kwa mfano, uliokaa mlimani miaka kumi na kitu, wakaumwagia Campari. Campari ni chungu, ndugu msomaji, chungu yenye ubabe. Harufu laini za mkonge wa porini haziwezi kufua dafu mbele yake. Mkonge ule ukikatwa kabla ya kuchanua hautoi mbegu, na popo wanaochavusha maua yake hawapati chakula. Kuuchimba mlimani ili uje kunyamazishwa ndani ya kokteli ni ufujaji mtupu. Huo unywe mkavu, taratibu, au uuache mlimani. Kwa Negroni tumia espadín, inayolimwa, yenye nguvu ya asilimia 45 hivi. Ikiwa chini ya 40 barafu itaizamisha.

Na vipimo? Ile kanuni ya sawa kwa sawa, mililita 30 kila kimoja, ilitungwa kwa ajili ya jini, na jini ni mpole. Moshi na uchungu vikilingana hupigana ndani ya mdomo kama majogoo wawili. Mimi natia meskali 30, vermuti nyekundu 30, na Campari 20 tu. Utamu wa vermuti ndio unaowapatanisha, kwa hiyo usiupunguze. Na vermuti hiyo iwe hai! Ni mvinyo uliotiwa pakanga na viungo, si dawa ya kukaa kabatini. Ikishafunguliwa mahali pake ni kwenye jokofu, na kwa mwezi mmoja au miwili iwe imekwisha. Nimeona chupa za vermuti katika baa za mwambao huu zimekaa juu ya rafu, zikipigwa na jua la saa tisa, mwaka mzima. Halafu watu husema Negroni ni chungu mno. Itaachaje?

Koroga, usitikise. Barafu iwe ya vipande vikubwa, kijiko kizunguke kama nusu dakika, mpaka bilauri itoe jasho. Barafu nyepesi za kusagwa zitakuletea maji ya kunawia.

Mwisho ganda la chungwa. Vitabu vya wenzetu husema chungwa liwe la rangi ya dhahabu. Mimi natumia la Muheza, lililoiva likiwa bado na ganda la kijani, na sijaona tofauti ya kunifanya nitafute lingine. Likate jembamba bila ule weupe wa ndani, likunje juu ya bilauri mpaka uone mafuta yakiruka, kisha litumbukize. Kengele ya kioo mrudishie mwenye nayo.