Askari, Mwache Mwanao Aguse

Hakuna kuruti aliyefundishwa bunduki kwa picha peke yake. Mwalimu huweza kuichora ubaoni na kuitaja sehemu moja baada ya nyingine, na kuruti akayakariri majina yote. Lakini hatimaye huwekewa silaha mbele yake, akaamriwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena, hata vidole vikaijua kazi bila ya msaada wa macho. Askari polisi naye hakujifunza kuongoza magari kwa kusoma sheria za barabarani tu; alisimamishwa njia panda, magari yakamjia kutoka pande nne. Ni dhahiri basi kwamba, ikiwa kuna watu wanaofahamu kuwa mkono ni mwalimu, watu hao ni wale wavaao sare.

La ajabu ni kwamba wengi wanaolifahamu jambo hili kambini hulisahau wafikapo nyumbani. Huko, neno ambalo mtoto hulisikia kuliko yote ni "usiguse". Usiguse redio, usiguse nyundo, usichezee maji, usiulize wakubwa. Mtoto hutii, na mzazi hufurahi kwamba ana mtoto mwenye adabu. Hatambui kwamba pamoja na adabu hiyo amempokonya chombo cha kwanza cha elimu.

Duniani yapo majumba yaliyoundwa kwa kusudi la kulifuta neno hilo. Mwaka 1899, katika eneo la Brooklyn mjini New York, yalifunguliwa makumbusho yanayotambuliwa kuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya watoto. Miaka 70 baadaye, yaani mwaka 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua mjini San Francisco jumba liitwalo Exploratorium, ambamo mgeni hazunguki mikono nyuma akitazama vitu kabatini, bali huzungusha, huvuta, hupima na kujionea mwenyewe jinsi mwanga, sauti na mwendo vinavyofanya kazi. Tangu hapo majumba ya namna hiyo yameenea katika nchi nyingi, na familia huenda pamoja, baba na mama wakiwa wanafunzi sawa na watoto wao.

Fikra hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalipata sifa kwa ala zake za muziki, kwa sababu hazikufungiwa kabatini tu. Katikati ya karne iliyopita, chini ya msimamizi wake Klaus Wachsmann, wapigaji walizipiga mbele ya wageni. Mjini Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho, zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa kimo chake halisi, hata mtoto akainama mlangoni, akaingia, akajua kwa mwili wake jinsi babu zake walivyoishi.

Nasi wa Rwanda hatuko mikono mitupu. Mkazi wa Kamembe au Bugarama, hapa wilayani Rusizi, akiifuata barabara ya kandokando ya Ziwa Kivu kuelekea kaskazini, atafika Karongi, yalipo Makumbusho ya Mazingira yaliyofunguliwa mwaka 2015. Humo huelezwa habari za nishati na mazingira. Ziwa lenyewe liko karibu, na kilindini mwake huvutwa gesi ya methani. Mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa rasmi mwaka 2016, ulijengwa kuzalisha umeme wa megawati 26 kwa gesi hiyo. Akielekea mashariki kwa kupitia msitu wa Nyungwe, atafika Huye, penye makumbusho ya mila na utamaduni yaliyofunguliwa mwaka 1989. Akiendelea mbele atafika Nyanza, mahali paitwapo Rukari, penye mfano wa kasri la kale la wafalme lililojengwa kwa msonge, nyumba ya maziwa, nyumba ya pombe, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu za kustaajabisha. Hapo mtoto huingia ndani ya msonge, hunusa majani makavu, huona jinsi fito zilivyosukwa, na husikia wachungaji wakiwaimbia ng'ombe.

Ni kweli kwamba majumba hayo hayakujengwa kwa ajili ya watoto peke yao, na vitu vingi vimo nyuma ya vioo. Ndiyo maana mzazi ana kazi ya kufanya. Kilicho nyuma ya kioo hakiguswi, lakini mfano wake unaweza kuguswa nyumbani. Mtoto akiliona bao la igisoro, jioni achimbiwe mashimo uani, aokote kete zake, na afundishwe kuhesabu kwa kucheza. Akikiona kibuyu cha kusukia maziwa, bibi yake aombwe amwonyeshe jinsi kinavyosukwa hata siagi ikajitenga. Akiona kikapu cha agaseke, apewe ukindu ajaribu mwenyewe, na kikapu chake kikiwa kombo, kisichekwe. Safari ya siku moja huweza kulisha mwezi mzima wa mazungumzo.

Tena si kila jumba la kumbukumbu linafaa kila umri. Yapo yanayohifadhi machungu ya historia yetu, na hayo ni wajibu wa kila raia kuyazuru; lakini mtoto mdogo huandaliwa kwanza, naye hupelekwa wakati akili yake inapoweza kuubeba mzigo huo.

Sasa tuseme wazi lililotufanya tulishike kalamu. Askari ni mzazi wa namna ya pekee. Lindo humchukua usiku, uhamisho humchukua miezi, na wapo waliokwenda kulinda amani katika Afrika ya Kati na Sudan Kusini, na waliopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia mwaka 2021. Arudipo, huwakuta watoto wamerefuka, nao humtazama kama mgeni wa heshima. Akiwa hana njia nyingine ya kuwakaribia, huwakaribia kwa ile aliyoizoea: huwapanga, huwaamuru, huwakagua. Mtoto hujibu kama kuruti, na kinachobaki ni aseme "ndiyo, afande" kwa baba yake mzazi. Nyumba hiyo ina utulivu, lakini haina mazungumzo.

Ziara ya makumbusho ni dawa nzuri ya ugonjwa huo, kwa sharti kwamba amri iachwe nyumbani. Mtoto asisukumwe chumba kwa chumba kana kwamba familia iko katika gwaride. Akisimama nusu saa mbele ya kitu kimoja, asimamiwe nusu saa hiyo. Akiuliza swali ambalo baba halijui, baba asione haya kusema, "Hili silijui, twende tukamwulize mwongozaji." Neno hilo halimvunjii askari heshima hata kidogo. Humfundisha mtoto kwamba hata mwenye nguvu huuliza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa, na kwamba mtoto hufunzwa utii kwanza, mengine baadaye. Hatubishi kwamba utii ni nguzo ya jeshi na ya nyumba. Lakini utii wa askari mwema hutanguliwa na akili: huijua sheria, huupima wajibu wake, na hutambua amri isiyo halali. Nchi yetu imeilipa gharama ya utii usio na akili. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 wapo vijana wengi waliopokea maneno ya uongo na amri za uovu bila ya kuuliza hata swali moja, na Cyangugu iliyaona hayo kwa macho yake. Mtoto aliyezoea kugusa, kupima na kuuliza "kwa nini?" hadanganywi kwa urahisi. Basi kumwachia nafasi ya kuuliza si kumdekeza. Ni sehemu ya ulinzi wa taifa.

Kuhusu gharama, tunakubali kwamba mshahara una kazi nyingi. Lakini ambaye hawezi kufika Karongi wala Nyanza mwaka huu, Rusizi yenyewe imemwandalia mengi. Wataalamu wanatueleza kwamba zamani za kale maji ya Kivu yalitiririka kuelekea kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia, ziwa likapanda na kufurikia kusini, ndipo Mto Rusizi ukawa unapeleka maji Tanganyika. Jambo hilo mtoto hulielewa kwa karai la mchanga na kopo la maji: achimbe ziwa, afungue mfereji upande mmoja, kisha auzibe kwa tope na angoje aone maji yatakapotokea. Baadaye apelekwe mtoni, aelezwe kwamba maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Rusizi ya Pili, inayotumiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo tangu mwaka 1989. Apelekwe Shagasha aone chai, Bugarama aone mpunga, na pwani ya ziwa aone mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Vitu vyote hivyo vingeweza kukusanywa katika jumba moja dogo la watoto hapa Rusizi: karai kubwa la maji na mchanga, mtumbwi wa kupandwa, gurudumu la kuzungushwa hata taa ikawaka, na bao la kuchezwa. Halihitaji marumaru wala vioo. Tunawaomba wenye mamlaka wilayani walifikirie, nasi tunaamini kwamba siku ya umuganda askari na polisi hawatakosekana kulibebea mawe.

Lakini jumba lijengwe au lisijengwe, likizo itakuja. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Ndugu askari, itakapofika siku hiyo, vua sare, mshike mwanao mkono, na umwongoze hadi penye kitu cha kushika. Kisha umwachie mkono.