KISANDUKU KITUPU SI SIFURI



Siku hizi kuomba chuo au mkopo wa masomo ni kujaza fomu katika simu. Majibu yetu husafiri hadi kompyuta kuu, yaani seva, yakapokelewa na programu. Tukiacha kisanduku kitupu, mara nyingi programu hairudishi fomu. Hutia yenyewe jibu la akiba, ambalo mafundi huliita chaguo-msingi.

Jibu la akiba si baya lote. Nani ataudhika ikiwa hakuchagua lugha akaletewa Kiswahili? Hilo aweza kulibadili kesho. Lakini habari za mtu mwenyewe ni jambo jingine. Wakimbizi wengi wa Somalia na Sudan waliohamia Marekani wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku yao halisi haikujulikana. Zahanati ya hapa Chemchem nayo, ikikosa vipimo vya ramani na kujaziwa sifuri mbili, itaonekana baharini, katika Ghuba ya Guinea! Kosa hilo huchekesha. Lakini sifuri ikiingia katika alama za mtoto aliyekuwa hospitalini siku ya mtihani, hakuna atakayecheka. Baraza la Mitihani la Tanzania hufanya vyema: mtahiniwa asiyefika huandikiwa ABS, hapewi sifuri.

Uko na ubaya wa pili. Programu nyingine haitofautishi kutojibu na kujibu "hapana" au "0". Mzazi akikataa picha ya mwanawe isitiwe gazetini, programu hudhani hakujibu, ikaandika "ndiyo". Hapo mtu amenyang'anywa neno lake.

Wapo watakaosema kwamba fomu zikirudishwa kila mara watu watachoka, hasa mtandao unapokatika. Ni kweli. Basi jibu la akiba na litumike kwa mambo ya urahisi tu. Kwa habari za mtu, paandikwe "haijulikani", au mwenyewe aulizwe. Na kila jibu lililotiwa na programu liwekewe alama, ili alione na kulisahihisha.

Ninyi mnaojifunza kompyuta, kesho ndinyi mtakaoandika programu hizo. Wahenga walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Mwenye fomu yupo, aulizwe.

Mwanafunzi, Kidato cha 5