Kabla Hujaketi na Mshauri



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Nangara alinivuta pembeni. Tangu afiwe na mumewe hapati usingizi, na chakula hakipiti. Hospitalini wamempa barua aende kwa mshauri wa mambo ya nafsi. Barua hiyo ameifunga katika pindo la kanga siku kumi sasa. "Watu watasema nimekuwa wa Mirembe," akaniambia. "Na maneno yangu, mshauri huyo atayapeleka wapi?"

Hofu ya kwanza iache. Mirembe ni hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927 kwa wagonjwa wa akili, na kutibiwa huko si aibu kuliko kutibiwa malaria. Tena mama huyu hapelekwi huko, ni mjane mwenye majonzi.

Hofu ya pili ina maana, nawe uifikiri vema. Umezoea kitubio, na wajua padre hawezi kuitoa siri hata akitishwa kuuawa. Mshauri naye kazi yake yamfunga kutunza siri, lakini siri yake ina mpaka. Akiona wataka kujiua, au mtoto anaumizwa nyumbani, yampasa awaambie wanaoweza kuokoa. Basi siku ya kwanza, kabla hujaeleza lolote, mwulize: Ni mambo gani utayasema, na kwa nani? Waandika nini, na nani anasoma? Mwaminifu atakujibu bila kuudhika. Lakini akianza kukusimulia habari za mgonjwa mwingine, jifunge kanga yako urudi nyumbani.

Mwulize pia leseni yake, alisomea wapi, na nani anamsimamia. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi na wa Bungoma nchini Kenya, waliingia katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Nusu yao waliketi kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 12, pamoja na washauri ambao hawakuwa waganga, ila walifundishwa na kusimamiwa kwa makini. Wengi walipata nafuu.

Angalia basi, wiki 12! Usitazamie kupona kwa siku moja. Wala mshauri si mzee wa baraza wa kukuamulia. Atauliza sana, na mara nyingi mazungumzo hayafiki saa nzima. Pengine ukirudi nyumbani utalia kuliko jana. Usikimbie, mwambie hayo mtakapoonana tena. Habari za malipo ziulize mapema, na dawa za daktari usiziache bila kumwuliza daktari mwenyewe.

Mama yule amekubali kwenda Alhamisi. Dada yake atamsindikiza na kumngoja nje, na maswali yote tumeyaandika nyuma ya ile barua.