«Jikaze» si dawa ya mtu aliyechoka

Mjini Goma na pembezoni mwake, mtu akilemewa huambiwa neno moja: «Jikaze.» Mama anayelisha watoto wake pamoja na familia mbili za wahami anaambiwa ajikaze. Mwalimu anayeingia darasani bila kulipwa anaambiwa ajikaze. RECO anayezunguka mlango kwa mlango kwa ajili ya afya ya wengine, bila mshahara, naye anaambiwa vilevile. Mara nyingi wanaosema hivyo wamekaa kwenye viti vya mkutano. Imefika wakati isemwe wazi kwamba neno hilo linaumiza watu.

Vita vya M23 vilianza upya Novemba 2021. Bunagana ilianguka Juni 2022. Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa, na mwezi uliofuata kambi kama Bulengo zikavunjwa. Benki zilifunga milango. Kuna familia zilizohama mara tatu, mara nne, na kila mara zikaanza na sufuria moja. Mwili ulioishi katika hofu muda wote huo lazima utadai deni lake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza uchovu huu unaoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usiopata suluhisho. Lilitaja dalili tatu. Ya kwanza, nguvu zinaisha: mtu analala, lakini anaamka amechoka kama hakulala. Ya pili, moyo unakuwa baridi: muuguzi aliyewahurumia wagonjwa sasa anawafokea, au mwalimu hajali tena kama mtoto ameelewa. Ya tatu, mtu anaona kila anachofanya ni bure. Pamoja na hayo huja usingizi wa kukatika, kusahau ovyo, kichwa kuuma na hasira kwa jambo dogo.

Wako wanaodai kwamba hayo ni mambo ya watu wa ofisi. Kwani kubeba bidoni za maji tangu alfajiri, kutafuta makala, kuuza ndizi barabarani na kutunza mkwe mgonjwa si kazi? Ni kazi isiyo na mshahara wala siku ya kupumzika.

Wengine husema mama huyo amekuwa mvivu, amelogwa, au imani yake imepungua. Hakuna anayepinga maombi, maana yanatuliza moyo. Lakini kiongozi wa dini anayemwongezea mtu asiyelala mikesha mitatu na kufunga anamnyang'anya usingizi uleule unaomkosa.

Wakubwa wa vituo vya afya, shule, makanisa na mashirika wana la kufanya, na mengine hayahitaji pesa. Wapange zamu ili mtu mmoja asibebeshwe kila kitu kwa sababu tu hakatai. Watoe siku moja ya mapumziko kwa wiki na waiheshimu. Wasikilize wafanyakazi wao kabla ya kuwahukumu. Na pesa ya motisha ikifika, iwafikie waliofanya kazi, bila kuchelewa. Nyumbani pia, baba na vijana wa kiume wana mikono. Bidoni haichagui mwanamke.

Anayeona dalili hizi kwake asijifiche. Kichwa kikiuma pamoja na homa, apime malaria kwanza. Uchovu ukiendelea wiki nyingi hata baada ya kupumzika, aende kituo cha afya aeleze yote, si maumivu ya kichwa peke yake. Mtu akianza kusema afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe kituoni siku ileile. Mjini Goma kuna Tulizo Letu na Bukavu kuna SOSAME, vinavyojulikana kwa kutunza wenye shida za akili. Kufika pale si kuwa kichaa, kama vile kwenda kwa daktari wa meno si kukosa meno.

Kabla ya kumwambia jirani ajikaze, mtu amuulize kwanza analala namna gani, kisha amsaidie bidoni moja.