Mtoto anayechelewa kusoma si mjinga, na kariere si shule yake

Kila mwanzo wa mwezi wa saba, siku ya proklamasyo, wazazi wa Manika na Dilala wanapokea buletini za watoto. Katika nyumba zingine ni furaha, Fanta na picha. Katika zingine ni maneno makali: "Amedubla tena! Huyu kichwa yake iko nguvu. Heri aende kuosha mawe." Sisi wa sendika tunataka kuongea leo ju ya mtoto huyu wa pili, sababu huku Kolwezi njia ya kutoka buletini mbaya mpaka kariere ni fupi sana.

Kuna watoto wenye akili timamu, macho mazuri na masikio mazuri, lakini herufi zinawasumbua. Anachanganya b na d. Anasoma neno vizuri kwenye mstari wa kwanza, analipotea kwenye mstari wa tatu. Ukimuuliza somo kwa mdomo, anajibu kuliko wenzake. Ukimpa karatasi, anatoka jasho. Hali hiyo inaitwa disleksia. Iko na ndugu zake: disgrafia, mkono unapokataa kuandika sawasawa, na diskalkulia, hesabu zinapogoma kuingia. Haiko bulozi, haiko uvivu, wala haiko laana ya ukoo, hata kama mara nyingi inapita katika jamaa, kutoka baba au mama mpaka mtoto. Ni namna ubongo unavyoshika sauti za maneno na kuziunga na herufi.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1896, huko Uingereza, daktari Pringle Morgan aliandika ju ya kijana mmoja wa miaka 14, mwepesi wa akili, asiyeweza kusoma hata baada ya miaka ya kufundishwa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angepita wenzake wote. Tangu wakati ule watu wa sayansi wamechunguza sana, na wengi wanakadiria kwamba katika watoto 100, kati ya 5 na 10 wako na disleksia, wengine kidogo, wengine sana. Katika kalasi ya watoto 60, hao ni 3 mpaka 6. Kwa hiyo kila mwalimu wa Kolwezi amekwisha kuwafundisha, ajue asijue.

Lakini tusikimbilie kumpa kila mtoto jina hilo. Mwingine hasomi sababu haoni ubao, mwingine masikio yanamuuma, mwingine anakuja na njaa ao malaria inamrudia kila mwezi. Tangu primeri ya serikali kuwa bure mwaka 2019, watoto wengi waliingia, na ni vizuri, lakini kalasi zilijaa mpaka mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Basi kwanza tupime macho na masikio, tuangalie tumbo na afya. Kama hayo yote iko sawa na mtoto bado anapigana na herufi, hapo tufikiri ju ya disleksia.

Kuna tena jambo la lugha, na hapa kwetu ni kubwa. Mtoto wa Kolwezi anaota ndoto kwa Kiswahili. Kiswahili kinamhurumia msomaji: ba ni ba asubuhi na jioni. Kifaransa hakina huruma hiyo. Angalia neno "oiseau": hakuna herufi hata moja inayosikika kwa sauti yake yenyewe. Mtoto wa disleksia anayeanza na Kifaransa ni kama mtu anayefundishwa kuendesha lori siku ya kwanza ndani ya shimo, bila taa. Sheria ya elimu ya 2014 inasema lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini mjini wazazi wengi wenyewe tunaomba Kifaransa tangu siku ya kwanza, tukifikiri njo maendeleo. Mtoto aliyeshika kusoma kwa Kiswahili anapata ngazi ya kupandia Kifaransa. Na ikiwa hata kwa Kiswahili anasoma polepole mno, mwalimu anaona mapema kwamba kuna shida ya kweli, isiyo ya lugha tu.

Mtoto huyo, tukimwacha, anakwenda wapi? Anadubla mara moja, mara mbili. Wadogo zake wanampita. Kalasi inamcheka. Siku moja anaacha kwenda, na anaanza kuokota mawe, kuosha, kubeba mifuko. Dunia nzima inaongea ju ya watoto wa kobalti, na sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna hiyo. Umaskini njo sababu ya kwanza, hatukatai. Lakini wanapokuja kuhesabu watoto kwenye kariere, mara chache wanauliza: huyu alitoka shule namna gani? Kumfukuza mtoto kwenye mawe na kumrudisha kwenye ubao uleule uliomshinda, bila kubadili chochote, ni kumpa likizo fupi tu. Atarudi kwenye mawe.

Na hata akikua, shida inamfuata kazini. Sisi tunawaona. Kuna baba anayejua jiwe kwa uzito na rangi, anayesikia mlima ukianza kulalamika mbele ya wengine, lakini akipewa kontra anatia sahihi bila kusoma, ju anaona haya. Mwingine anasahihi karatasi ya kuacha kazi akifikiri ni ya likizo. Watu kama hao tuliwaita wajinga bure. Ndiyo maana tunasema: kila kontra isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya delege, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Maagizo ya usalama yachorwe na yasemwe, yasiandikwe tu. Mtu hapashwi kufa sababu herufi zilimchanganya.

Pesa itatoka wapi? Kodi ya mine ya 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake, kwa uchache, kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni inayouza dola milioni 1.000 kwa mwaka inadaiwa dola milioni 3. Tena asilimia 15 ya ruwayosi ni ya komini, sekta na sheferi ambamo mine iko. Mara nyingi tunaonyeshwa majengo: ukuta mpya, bati jipya, ribo inakatwa. Majengo ni mazuri. Lakini bati halimfundishi mtoto kusoma. Tunaomba katika kaye ya masharti iandikwe pia mafunzo ya walimu ju ya watoto hawa, na kupima macho na masikio kila mwanzo wa mwaka. Hiyo ni bei ndogo kuliko ukuta.

Serikali nayo iko na deni. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mtoto wa disleksia hana gongo wala kiti cha magurudumu, hivyo anasahaulika. Ufaransa, mwanafunzi ambaye disleksia yake imetambuliwa anaweza kuongezewa theluthi ya muda kwenye mtihani: masaa 3 yanakuwa 4. Mtihani ni uleule, maswali ni yaleyale. Hilo halihitaji mashine wala mkopo, linahitaji saa ya ukutani na barua ya waziri.

Nyumbani je? Mwalimu na mama wanaweza kuanza bila kungoja mtu. Sauti moja kwa siku, si kumi. Herufi iandikwe kwa kidole kwenye mchanga, ao ifinyangwe kwa udongo, mtoto akiitamka. Vipande vifupi, kurudia kesho, kurudia kesho kutwa. Mkubwa asome naye kwa sauti. Fimbo iwekwe chini, haijapata kumfundisha mtu tofauti ya b na d.

Tena tuwafurahie. Mtoto huyo huyo njo anatengeneza redio ya jirani, anakumbuka madeni yote ya mama sokoni bila daftari. Siku ya proklamasyo, mwalimu asisome nafasi tu. Aseme pia nani alisoma mistari miwili mwezi wa tisa na leo anasoma ukurasa mzima. Huyo naye apigiwe makofi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wadelege, kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa, pelekeni neno hili kwenye komite za wazazi na kwenye meza ya kaye ya masharti. Wazazi, kama mtoto wenu amedubla mara mbili, msimpeleke kwenye mawe. Mpelekeni kwanza apimwe macho, kisha kaeni na mwalimu wake.