Kisanduku kitupu si bei

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi limehamia kwenye tovuti, na huko limepata ugonjwa mpya: ukurasa unaonekana mzima, lakini kisanduku cha bei ni kitupu.

Mnunuzi wa nafaka anafungua tovuti ya muuzaji na kukuta picha ya magunia, namba ya simu, na jedwali lenye majina ya bidhaa bila bei. Siku nyingine anakuta sifuri. Siku mbaya kuliko zote anakuta bei zimejaa, ila safu imesogea na bei ya mahindi imekaa kwenye mstari wa maharage. Kisanduku kitupu humfanya mnunuzi apige simu kuuliza. Safu iliyosogea humfanya atume fedha.

Chanzo chake si uchawi. Tovuti nyingi haziandikwi tena ukurasa mmoja mmoja. Zinaendeshwa na programu kama WordPress, Drupal na Joomla, ambazo huweka maneno na takwimu katika ghala, kisha huujenga ukurasa kwa visanduku vinavyochota humo. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ilivifanya visanduku hivyo kuwa msingi wa uandishi wake katika toleo la 5.0 la Desemba 2018. Kisanduku kikikosa cha kuchota, hubaki kitupu. Sura ya tovuti ikibadilishwa, kisanduku huweza kukosa mahali pa kukaa na kutoweka, ingawa yaliyomo bado yamo ghalani.

Hata wakubwa hawajasalimika. Jioni ya Julai 3, 2017, soko la hisa la Nasdaq la Marekani likiwa limefungwa mapema kwa ajili ya sikukuu ya kesho yake, tovuti kadhaa za habari za fedha zilionyesha hisa za Apple, Microsoft, Amazon na kampuni nyingine zikiwa na bei moja: dola 123.47. Kwa hesabu hiyo Amazon ilionekana imeanguka kwa zaidi ya asilimia 80, na Microsoft imepanda kwa takriban kiasi hicho hicho. Nasdaq ilieleza kuwa hizo zilikuwa takwimu za majaribio ambazo wasambazaji wa habari walizitumia isivyopaswa. Hakuna aliyeuza wala kununua kwa bei hiyo, lakini visanduku viliionyesha kana kwamba ni ya kweli.

Fundisho hapo ni bayana. Kisanduku hakijui maana ya kilichomo. Anayepaswa kujua ni mwenye tovuti.

Wapo mafundi wanaoshauri kwamba kisanduku kisicho na kitu kifichwe ili ukurasa upendeze. Kwa tangazo au picha, ushauri huo unafaa. Kwa bei haufai hata kidogo. Katika soko kama la hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, si kila hisa hupata mnunuzi kila siku. Hisa ambayo haikuuzwa leo ni habari moja. Hisa ambayo taarifa yake haijafika ni habari nyingine kabisa. Sifuri ni habari ya tatu, na mara nyingi ni ya uongo. Tovuti inayoziacha zote tatu zifanane, au kuzificha zote, inamnyima mwekezaji mdogo kitu anachokihitaji kabla ya kuamua.

Kwa hiyo kisanduku cha bei hakina budi kusema. Kiandike "haikuuzwa leo, bei ya mwisho ni hii, ya tarehe hii", au "taarifa haijapokelewa". Ni maneno machache, na fundi anaweza kuyaweka mara moja tu yakajitokeza yenyewe kila takwimu zinapokosekana.

Kasoro ikishatokea, mambo yafuate utaratibu. Kwanza itazamwe kama takwimu zimo ghalani. Zisipokuwamo, kuhangaika na sura ya ukurasa ni kazi bure. Zikiwamo, zifutwe nakala za muda ambazo seva na kivinjari huzihifadhi, kwa kuwa mara nyingi kinachoonekana ni ukurasa wa jana. Kisha programu ndogo za nyongeza zizimwe moja baada ya nyingine hadi mkosaji apatikane, na sura ya tovuti ibadilishwe kwa muda kuwa ile ya kawaida. Majaribio hayo yafanyike kwenye nakala ya pembeni, si kwenye duka lenye wateja. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humpelekea msimamizi barua pepe inapopata hitilafu kubwa. Lakini haitamwambia kwamba bei ya maharage imehamia kwenye mahindi. Hilo linahitaji jicho la mtu, kila asubuhi, kwenye kompyuta na kwenye simu pia, maana jedwali lililonyooka kwenye kompyuta huweza kupinda kwenye simu.

Wengine watasema kazi hiyo ni gharama. Ni kweli. Mwenye duka asiyeweza kujaza visanduku kumi na awe na vitatu vyenye tarehe. Wateja watamwamini kuliko jirani yake mwenye ukurasa wa kung'aa na mapengo.

Na mnunuzi naye ana wajibu wake. Bei isiyo na tarehe asiihesabu kuwa bei. Apige simu kwanza, ndipo atume fedha.