Nguzo Nilizozigeuza Kuni



Juma hili sina budi kuanza kwa kuungama, ingawa Padre Paroko amekwisha kunisikia. Mwaka jana, siku ya Kipaimara kigangoni kwetu, kuni zilipungua. Wageni walikuwa wengi, Askofu yu njiani, nao mama wa jikoni wakanijia ofisini. Kando ya njia zilikuwako nguzo nne kuukuu za umeme, zimelala majanini tangu mafundi waliposimamisha mpya. Msimamizi wao alikuwa amesema watazifuata kwa lori, lakini miezi minane ilipita na lori halikuonekana. Basi nikachukua kalamu nikaandika cheti: kateni mbili. Nikatia na mhuri.

Zikakatwa. Moshi wake ulikuwa mweusi, wanuka kama lami ya barabarani. Mama watatu walikohoa mpaka jioni, macho mekundu. Mmoja akaniambia, “Karani, kuni zako hizi zina kisirani.” Hata hivyo wali uliiva, wageni wakala, nami nikajiona nimeiokoa siku.

Baada ya majuma mawili lori likaja. Fundi mmoja mzee akahesabu nguzo, akauliza mbili ziko wapi. Nilidhani atanitoza faini. Yeye aliuliza neno moja tu: “Mlizipikia?” Ndipo akaketi barazani akanieleza mambo ambayo chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, sikufundishwa.

Nguzo ikisimamishwa ardhini bila dawa, mchwa huila. Kwa hiyo kiwandani miti huingizwa katika pipa kubwa la chuma, nayo dawa husukumwa kwa nguvu mpaka ipenye ndani. Dawa ni za namna nyingi, lakini mbili zajulikana sana. Ya kwanza ni kriosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Nguzo yake ni nyeusi na harufu yake ni kali. Ya pili ni mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki, nayo huuacha mti na rangi ya kijanikijani. Arseniki ni ile sumu ambayo tangu zamani watu waovu waliwatilia wenzao katika chakula, maana haina harufu wala ladha. Mti huo ukichomwa, sehemu ya sumu hutoka na moshi, na nyingine nyingi hubaki katika majivu.

Nikamwuliza zetu zilikuwa za namna gani. Akaenda kutazama vipande vilivyobaki, akarudi: moja nyeusi, moja ya kijani. Hapo moyo ukanipiga, kwa kuwa wasomaji wajua mama zetu hufanya nini na majivu. Hunyunyiziwa mchicha ili wadudu wakimbie.

Haya ndiyo mambo yafanyikayo shirika la umeme likifanya kazi yake sawasawa. Nguzo ya zamani hurudishwa bohari. Iliyo nzima bado hukatwa ule upande uliooza, ikatumika tena, au ikawa mhimili wa uzio mbali na chakula na maji. Iliyokwisha kabisa hupelekwa mahali palipotengwa kwa takataka za sumu. Waya za alumini na shaba huyeyushwa zikawa waya tena, na hiyo ni faida kubwa: kuyeyusha alumini kuukuu kwahitaji karibu sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu zitakiwazo kuipata kutoka mawe yake. Vile vikombe vya kauri vya juu ya nguzo huweza kusagwa vikawa kokoto.

Jambo zito ni transfoma. Ndani yake mna shaba nyingi, chuma, na mafuta ya kupoza na kuzuia umeme usiruke. Mafuta yakichakaa hayamwagwi. Huchujwa, maji na asidi huondolewa, kisha hurudishwa kazini kama mapya. Lakini kabla ya hayo sharti yapimwe, maana transfoma nyingi za zamani zilikuwa na dawa iitwayo PCB. Dawa hiyo haiungui upesi, kwa hiyo ilipendwa sana. Lakini pia haiozi, hukaa katika mafuta ya mwili wa mtu na wa mnyama miaka na miaka, na yahesabiwa kati ya vitu viletavyo saratani. Mafuta yenye sehemu 50 au zaidi za PCB katika kila sehemu milioni hutiwa katika mapipa yaliyofungwa na kuandikwa, yakangoja kuharibiwa, kwa mfano katika tanuru lenye moto wa zaidi ya nyuzi 1,100. Tanzania na Kenya zimo katika mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, ambayo yaliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vyombo vyenye dawa hiyo, na 2028 mwisho wa kuzisafisha taka zake.

Sasa sikieni. Huko Kenya na nchi jirani wako wezi wanaoyanyonya mafuta ya transfoma usiku na kuwauzia wakaanga chipsi, kwa sababu yadumu karaini kuliko ya kupikia. Wengine huyapaka vidonda. Mimi nimekula chipsi za stendi mara nyingi, wala sikuuliza karai lile lina nini. Japani mwaka 1968 PCB ilivuja kutoka mabomba ya kiwanda ikaingia katika mafuta ya kula ya mchele. Watu zaidi ya elfu moja waliugua, ngozi zikatoka vipele vibaya, na watoto wengine wakazaliwa ngozi imebadilika rangi. Na hao hawakuiba kitu, walinunua dukani.

Yule mzee nilimwambia wazi: asiyetaka mali yake iguswe asiiache njiani miezi minane bila hata kibao. Alikubali. Lakini cheti kilikuwa changu.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mama wa kisirani. Majivu yalikuwa bado katika debe, hajayatumia, ila viganja viwili alivyomwaga kwenye tuta moja. Mchicha wa tuta lile tuliung’oa, na udongo wa juu tukaukwangua tukautia katika debe lile lile. Kuku wake tukawafungia wasiparue pale. Aliniuliza kama wale watoto wa Kipaimara wamedhurika. Nikamjibu kwamba sijui, lakini wote nimewaona Misani.

Debe limefunikwa, liko katika stoo ya parokia chini ya kufuli, limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Mzee aliahidi kulichukua lori litakapofuata vipande vilivyobaki. Jumatatu nilimwandikia tena, na nakala ya barua nimeiweka katika jalada pamoja na kile cheti.